Bi Pasi na Koti la Ng'ambo

Kama una shati lenye doa la mafuta na huna kifua cha kutukanwa, usiende kwa Bi Pasi. Doa atalitoa, hilo halina ubishi. Lakini kwanza atakuuliza kama ulikuwa unakula au unapigana na chakula, na atakuuliza kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara, ili na wasiokujua wakujue. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, na si kwa sababu ya udobi peke yake. Pasi ya kawaida unaitemea mate kidogo kujua kama ina moto. Yeye huna haja ya kumjaribu, ana moto tangu asubuhi.

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna kaunta ya mbao iliyochanika pembeni, meza ndefu ya kupigia pasi iliyovikwa blanketi kuukuu, waya uliovutwa toka ukuta hadi ukuta ukiwa umejaa hanga, na harufu ya wanga na kitambaa kibichi isiyotoka hata ufungue madirisha yote. Nyuma ya pazia ndipo anapolala, na nyuma ya hapo kuna ua wenye mabeseni, bomba na kamba za kuanikia. Hapo ndipo alipokuwa akiishi na wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, pamoja na binti yao mdogo ambaye ndiyo kwanza ameanza shule.

Alivyowachukua hao wawili, hata sijui kama "kuwachukua" ndilo neno. Kaka alipozikwa na ndugu wa mbali walipoanza kutazamana, nani abebe mzigo, Bi Pasi alikwenda na mkokoteni wake wa kubebea mashuka, akasimama mlangoni kwa mjane akasema, "Fungeni vitu." Basi. Hakusema pole, hakusema karibuni. Njiani alimgombeza wifi yake kwa kufunga masufuria vibaya.

Akamfundisha kazi kwa makelele. Akiwa ametulia anamwita wifi, akikasirika anamwita wewe, na siku nyingi alikuwa wewe. Mtoto naye alimwita "mtoto", kama vile hakuna mwingine duniani. Mtoto ana pua ya baba yake, ileile bapa, na Bi Pasi hakuwa na kaka mwingine wala pua nyingine ya kutazama. Hakuwahi kumwambia mtu hilo. Mimi ndiye ninayekwambia.

Jambo jingine ulijue mapema, maana bila hilo utaniona nakupotezea muda. Bi Pasi akisema, amesema. Fundi viatu wa chumba cha jirani alimlalamikia siku moja kwamba maji yake ya kufulia yanapenya chini ya mlango. Bi Pasi akamjibu, "Mimi na wewe hatusemezani tena." Hawasemezani hadi leo. Wanagawana ukuta mmoja, na kisigino cha kiatu chake kikibanduka anamtuma mtoto apeleke, naye fundi anashona huku akimwambia mtoto ampe shangazi yake salamu. Salamu hazijibiwi. Mtaa mzima unajua kwamba neno likishatoka kwenye kinywa kile halirudi ndani, na yeye mwenyewe anajivunia hilo kupita kiasi.

Sasa, koti.

Mwisho wa barabara kuna nyumba ya wageni, na mashuka, foronya na taulo za nyumba hiyo ndizo zinazompa Bi Pasi ugali wake. Meneja wake ni mwanamke mmoja mrefu, msafi mno, anayeongea polepole kama anakusomea hukumu. Kipindi cha baridi kilipokaribia alileta koti lake la sufi la kijivu lipigwe pasi. Koti hilo alinunuliwa na mwanawe anayeishi ng'ambo, na alilikabidhi kwa mikono miwili.

Siku hiyo wifi alikuwa mezani na koti, Bi Pasi akiwa ametoka. Mara mvua ikashuka bila hodi. Kamba zote za uani zimejaa mashuka ya nyumba ya wageni, yaliyokwisha kukauka. Wifi akaiacha pasi akakimbia. Aliamini ameisimamisha kwenye kisahani chake. Aliporudi na mashuka yamemjaa mikononi hadi kidevuni, chumba kilikuwa moshi mtupu, na mgongoni mwa koti kulikuwa na tundu lenye umbo la pasi, limechorwa vizuri kabisa.

Bi Pasi aliporudi alimgombeza wifi yake mpaka mvua ikakata.

"Mashuka yakilowa yanaanikwa tena! Koti likiungua linaanikwa wapi? Niambie, linaanikwa wapi?"

"Nisamehe, wifi. Nilidhani nimeisimamisha."

"Wewe usidhani! Kudhani waachie wenye akili."

Meneja yeye hakupandisha sauti. Aliingiza vidole kwenye lile tundu, akavitazama vikitokea upande wa pili, akasema, "Sitaki hela. Nataka koti. Hilihili." Mwanawe alimtumia jina la duka la mtandaoni lililomuuzia, huko huko ng'ambo. Bi Pasi akavuka barabara kwa fundi simu, mwenye kadi ya benki inayokubali kulipa nje. Akamtolea fedha zote alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya pasi mpya ya mvuke. Kwenye kioo cha simu akaonyeshwa mwanamke amevaa koti la kijivu, anacheka.

"Anacheka nini?" akauliza Bi Pasi. "Hajawahi kufua huyu."

Fundi simu akalipa. Ikabaki kungoja.

Kuna sheria moja kwenye duka lile, na ndiyo iliyoleta balaa. Hapo zamani wanaume wawili walibadilishiwa suruali, wakakaribia kung'oana meno pale kaunta. Tangu siku hiyo, kitu chochote cha kitambaa kinachovuka mlango kinashonwa uzi wa alama kwa ndani kabla hakijakaa kwenye rafu. Kila mteja ana rangi yake. Meneja ni kijani, watu wa nyumbani ni nyekundu. Ukiweka nguo kwenye rafu bila uzi, Bi Pasi anakuita wewe siku nzima.

Mzigo wa ng'ambo ulifika Bi Pasi akiwa amepeleka taulo. Wifi akaupokea, akapasua mfuko, akakuta koti limekunjwa kwa ndani nje, bitana ya kijivu ndiyo inayoonekana, nyororo, limebanwa vizuri na karatasi. Roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu mvua ile. Hakutaka kulikunjua akalivuruga kabla ya mwenyewe kuja. Alifanya alichofundishwa. Akachukua sindano, akashona uzi wa kijani kwenye mshono wa shingo, mishono midogo, imara, isiyong'oka. Akaliweka kwenye rafu ya meneja, akamtuma mtoto akamwite meneja, koti limefika.

Meneja na Bi Pasi wakaingia pamoja. Kaunta ilikuwa na wateja. Bi Pasi akalishika koti mabegani, akalikung'uta lifunguke kwa maringo ya mtu aliyeshinda kesi.

Lilikuwa koti la njano. La mtoto. Lina kofia, na juu ya kofia yamesimama masikio mawili ya sungura.

Nakwambia shingo zote zilinyooka. Kisha mteja mmoja, mjinga mmoja hivi mwenye suruali moja tu ya kufuliwa, akacheka.

"Hili nivae mimi?" akauliza meneja. "Niende nalo kazini?"

"Wamekosea. Nitawarudishia, watarudisha hela, nitakulipa."

"Na yule aliyeniunguzia koti yupo tu hapa, anashona nyuzi." Meneja aligeuka kumtazama wifi, tena taratibu. "Mimi kwangu mfanyakazi akiunguza kitu cha mgeni halali hapo. Mashuka yangu yapo mikononi mwa mtu kama huyu? Labda nitafute dobi mwingine."

Watu wote wanasikiliza, na yule mjinga bado ana kicheko mdomoni. Kichwa cha Bi Pasi kikapanda moto, na ulimi ukatangulia kama kawaida yake.

"Hela ya ng'ambo isiporudi," akasema, "huyu na mwanawe wanatoka hapa."

Meneja akatikisa kichwa kuafiki. "Basi nitangoja. Lakini niwe nimelipwa kabla sijaenda likizo."

Wifi hakulia. Alichukua beseni akatoka uani, na mtoto akamfuata nyuma. Neno lenyewe lilikuwa bado halijapoa, Bi Pasi akalijutia. Alilijutia vibaya sana. Mtu mwingine angetoka uani akasema, wifi, hasira tu zile, usinisikilize. Yeye aliokota hanga iliyoanguka akaitundika. Kujitengua mbele ya watu hakujui, na kujitengua faraghani pia hakujui. Alijua njia moja tu: hela irudi. Hela ikirudi, neno lake litakuwa halina kazi, wale wawili watakaa, na hakuna atakayesema Bi Pasi kala matapishi yake. Kwa hiyo alivuka barabara kwenda kupigana na duka la ng'ambo, na aliyemwona akivuka alidhani anakwenda kumpiga mtu.

Duka lile lilikuwa na mashine yake ya kutafsiri, hivyo lilijibu kwa Kiswahili, ila Kiswahili gani sasa. Fundi simu akatuma picha za koti, nje na ndani, akaeleza. Jibu likaja upesi.

"'Mpendwa rafiki,'" akasoma fundi simu, "'tunahisi huzuni ya moyo wako.'"

"Rafiki? Tumejuana wapi?"

"Ndivyo wanavyoandika, mama. 'Tumeangalia picha za uzuri. Bidhaa imeshonwa uzi wa kijani katika shingo. Bidhaa iliyobadilishwa haiwezi kurudi. Tafadhali uifurahie.'"

"Niifurahie!" Bi Pasi akapiga meza, betri zikaruka. "Mimi niagize koti la mtu mzima waniletee sungura, halafu kosa liwe uzi? Uzi ndio umelifanya dogo? Uzi ndio umeliotesha masikio? Andika! Andika wao ni wezi, na waliowazaa wanajua hivyo."

"Mama, hiyo siandiki."

"Andika!"

Fundi simu akaandika kitu, kirefu kidogo, uso umenyooka. Bi Pasi akaondoka ameridhika. Siku nyingine akamwambia amsomee alichowaandikia mara ya mwisho, kumbe kijitu kimeandika, "Habari zenu. Naomba tafadhali mnisaidie." Loo! Siku hiyo fundi simu alitukanwa matusi yake na ya duka la ng'ambo kwa pamoja. Tangu hapo Bi Pasi alisimama nyuma ya bega lake akihesabu maneno, na kila "tafadhali" aliyoiona aliamuru ifutwe.

Duka likabembeleza. Likasema litamrudishia sehemu ndogo, abaki na koti, ampe ndugu yake kama zawadi. Akakataa. Likaongeza kidogo. Akakataa. Likasema limempandisha kwa msimamizi, na msimamizi naye akaandika "mpendwa rafiki" maneno yaleyale. Bi Pasi akamwambia fundi simu hao ni mtu mmoja amebadilisha kofia.

Huko dukani kwake mambo yalikuwa mabaya kimya kimya. Wifi alifanya kazi kuliko zamani. Alifua, akaanika, akanyoosha, akaamka kabla ya kuitwa. Ila maneno yalikwisha. Alijibu "ndiyo, wifi" na "sawa, wifi", na baada ya hapo ulisikia brashi tu ikisugua. Bi Pasi alichukia kimya kile kuliko makelele, na kwa kuwa hakujua pa kukishika, alizidisha ukali. Aligombeza foronya, aligombeza sabuni haitoi povu, aligombeza jua.

Lile koti la njano lilitundikwa kwenye msumari, halirudi na halivaliwi. Kisha baridi ikaingia kwelikweli, ile ya asubuhi ya kuganda vidole kwenye maji ya bomba, na mtoto akaanza kukohoa akienda shule. Asubuhi moja Bi Pasi akalinyakua koti pale msumarini akamtupia wifi.

"Mvalishe. Linakaa linakula vumbi bure."

"Si la kurudishwa, wifi?"

"Wamekataa kulipokea. Wewe unataka nimfunike na nini, na mdomo wako?"

Lakini kabla halijavaliwa alilichukua tena, akakaa nalo dirishani, akachomoa ule uzi wa kijani mshono mmoja mmoja, akashona mwekundu. Mtoto alipolivaa akawa mtu mwingine. Alikwenda nalo shule, akala nalo, akagoma kulivua wakati wa kulala. Alijifunza kutikisa kichwa ili masikio yapigane. Fundi viatu akaanza kumwita Sungura, na mtaa mzima ukafuata. Kikohozi kikaisha. Bi Pasi akawa anamtazama akipita na yale masikio, kisha anajifanya anatafuta klipu za nguo.

Likizo ya meneja ikasogea. Mjumbe wake alipita na mashuka akasema meneja anauliza habari ya koti. Ndipo Bi Pasi akavuka barabara na wazo jipya. Alikuwa amegundua kwamba chini ya picha ya yule mwanamke anayecheka, wanunuzi wanaandika maoni yao na dunia nzima inasoma.

"Weka picha ya koti la meneja na tundu lake. Weka na la sungura. Andika: niliagiza hili, wakaniletea hili, wakaniambia nifurahi. Wape nyota moja. Kama kuna nusu, wape nusu."

Hapo sasa ndipo duka lilipozindulika. Watu wa nchi ambazo Bi Pasi hazijui walianza kucheka chini ya ile picha, na wengine wakaja na malalamiko yao. Kabla ya saa ya chakula cha mchana fundi simu alikuja mwenyewe mbio, anavuka barabara bila kuangalia magari.

"Mama, wamekubali! Hela yote! Yote, mama!"

Bi Pasi akashika kaunta. Ashukuriwe Mungu wateja hawakuwapo kumwona. Wifi alikuwa amepeleka mashuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya neno, kifua kikafunguka. "Watakaa," akasema peke yake, na fundi simu hakuelewa nani.

"Ila wana masharti mawili," akasema fundi simu. "La kwanza tufute yale maoni. La pili..." Akasoma, na safari hii hakucheka na Kiswahili chao. "'Mpendwa rafiki, ili bidhaa isiuzwe tena, tafadhali ikate kwa mkasi katikati na katika mikono, lebo ionekane, na utume video. Ofa hii inakufa leo jioni.'"

Bi Pasi akautazama ule msumari mtupu.

"Mama, si ndilo analovaa Sungura?"

"Umeulizwa? Waandikie halitauzwa. Waandikie linavaliwa na mtoto, mteja gani atanunua koti lenye makamasi?" Akasogea nyuma ya bega lake. "Waandikie tafadhali."

Fundi simu alimtazama, kisha akaandika. Jibu likaja: mpendwa rafiki, sera haituruhusu. Akaambiwa aandike tena. Mpendwa rafiki, sera haituruhusu, tunakutakia siku ya furaha.

Sasa ujiweke pale alipokuwa. Koti linanunulika jingine. Mtoto atalia leo, labda na kesho, kisha atatafutiwa koti lingine, hata lenye masikio. Lakini mtoto aliyetolewa nyumbani na begi lake huwezi kumnunulia nyumba dukani. Ndivyo alivyopiga hesabu, na mimi sioni alipokosea hesabu. Alipokosea ni kwamba hakumwambia mtu. Angengoja wifi arudi, angemkalisha, angemweleza. Ila kueleza kungemlazimu kusema kwamba tangu mwanzo hakutaka waondoke, na hilo ndilo neno alilokuwa akizunguka barabara nzima kulikwepa.

Mtoto akarudi kutoka shule, amevaa koti.

"Mtoto. Njoo. Vua."

"Linafuliwa, shangazi?"

Bi Pasi akageukia kaunta. "Eeh."

Mtoto akavua bila wasiwasi, akalikunja mwenyewe kama anavyoona watu wakikunja, akaliweka mezani. "Masikio usiyapige pasi," akasema. "Yatalala." Akaenda uani kucheza.

Fundi simu akashika simu, tayari kupiga video. Bi Pasi akaweka lebo juu ionekane, akachukua mkasi mkubwa wa kazi. Kitambaa kile kilikuwa kizuri, nisikufiche, kilikataa kukatika. Ilibidi aegemee. Akakata mgongo toka chini hadi shingoni, akakata mkono mmoja, akakata wa pili, pamba ya ndani ikamwagika mezani. Alikuwa anamalizia mkono wa pili pazia lilipofunguka. Wifi alikuwa amepitia uani na tenga lake tupu, na mtoto alikuwa mbele yake.

Mtoto hakupiga kelele. Alilitazama tu koti, kisha akamtazama shangazi yake, halafu akarudi nyuma akaingia kwenye sketi ya mama yake.

"Wifi," akasema mke wa kaka yake. "Mtoto amekukosea nini?"

Hapa ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yote yalikuwepo, yamejaa kifuani: nilikuwa nawapigania nyinyi, sikuwa na hamu ya hela, nilitaka mkae. Bi Pasi akafungua kinywa, na kilichotoka kilitoka na sauti ya kaunta.

"Ndiyo masharti yao. Hela inarudi. Yote."

"Inarudi kweli?"

"Imekubaliwa," akasema fundi simu, ambaye alikuwa anatamani ardhi impokee. "Nikituma hii video tu, wanarudisha."

Wifi akalitua tenga chini. "Kwa hiyo meneja atalipwa."

"Atalipwa."

"Na mimi sidaiwi koti."

"Hudaiwi. Kazi ipo, endelea na kazi yako."

Uso wa wifi ukatulia kama wa mtu aliyetua mzigo baada ya safari. "Ahsante, wifi. Nilikuwa nangoja hilo tu." Akaanza kufungua aproni. "Wale wa hospitali, chumba chao cha kufulia, waliniita kazini siku chache baada ya wewe kusema vile mbele za watu. Nikawaambia wanivumilie. Ulinichukua wakati sina mtu. Nisingeweza kuondoka kwako nimekuachia tundu la koti. Ningeonekana mwizi."

"Nani kakuambia uondoke?"

"Wewe."

"Nilisema hela isiporudi! Imerudi!"

"Ndiyo. Imerudi." Akaikunja aproni, akaiweka mezani kando ya vipande vya njano. "Usiku ule mtoto aliniuliza kama tukitoka tutalala wapi. Kila siku akitoka shule anasimama kwanza pale kona kuangalia kama vitu vyetu viko nje. Hata leo alisimama. Mimi naweza kungoja hela ya watu wa ng'ambo, wifi. Yeye nimemngojesha vya kutosha."

Bi Pasi alibaki na mkasi mkononi. Walifunga vitu wenyewe, na safari hii masufuria yalifungwa vizuri. Fundi simu ndiye aliyewabebea hadi barabarani. Mtoto alivaa sweta la shule, mikono imeingizwa ndani.

Hela iliingia kwenye kadi, fundi simu akaileta taslimu, imekamilika. Meneja alikuja siku ya kuamkia likizo, akapokea, akahesabu, akaweka kwenye mkoba. Alitazama kule mezani, ambako nguo zilikuwa zimelundikana hazijanyooshwa, akatazama na uani.

"Naona umemtoa," akasema.

Bi Pasi alitaka kusema hapana. Alitaka kusema hela ilirudi, wifi alikuwa na haki ya kukaa, mimi sikumtoa.

"Watu wa kusimamia neno lao siku hizi ni wachache," akasema meneja. "Mashuka yangu yatabaki kwako."

Akatoka. Nje fundi viatu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na wateja wawili walikuwa wanangoja kwenye kaunta. Mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, huku akimtazama Bi Pasi kwa heshima kabisa, kwamba huyu mama akisema, amesema.

Bi Pasi akamwuliza alikuwa anakula au anapigana na chakula, akalichukua shati lake, akatafuta sindano.